Kuchochea Si Kuamuru: Historia Fupi ya Umeme Katika Mwili na Ubongo wa Wanyama

Miongoni mwa maneno tunayoyafundisha kila mwaka bila kuupima uzito wake ni kitenzi kuchochea. Mtoto wa pwani hukijua kabla hajaingia darasani: akiambiwa achochee moto, husukuma kuni ndani ya mafiga, na moto hupanda. Neno hilo hilo ndilo linalotumika leo katika sayansi kueleza kitendo cha kuugusa mshipa wa fahamu au ubongo kwa mkondo wa umeme, hata mnyama akaamka, akashtuka, au akasogeza kiungo chake. Na kile kinachofanya hivyo huitwa kichocheo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kitendo hicho. Tutaanzia karibu na nyumbani, katika pwani ya Msumbiji, na hasa ile ya kaskazini mwa Cabo Delgado, kuanzia mlango wa mto Ruvuma hadi visiwa vya Quirimba, ambako Kiswahili na Kimwani vimeishi jirani kwa karne nyingi. Kisha tutavuka bahari, na mwishowe tutarudi Afrika ya Mashariki. Swali linalotuongoza ni hili: umeme unapoingia katika ubongo wa mnyama, ni nani hasa anayetenda, mnyama au mwenye waya? Swali hili si la wanasayansi peke yao. Wako waliotangaza kwamba akili ya kiumbe yaweza kushikwa kama usukani wa jahazi, na wako walioogopa kwamba ni kweli. Mwalimu anayeulizwa na wanafunzi wake hana budi kuwa na jibu.

Samaki anayetetemesha

Mwaka 1586 alifika katika pwani hii padri wa Kireno, João dos Santos, wa shirika la Wadominiko. Alikaa Sofala kwa miaka kadhaa, akapanda bonde la Zambezi, na baadaye akatumwa kuhudumu katika visiwa vya Quirimba. Kitabu chake kuhusu nchi hizi kilipigwa chapa mjini Évora, Ureno, mwaka 1609. Humo alieleza habari za samaki wa mito ya Sofala ambaye Wareno walimwita mtetemeshaji, na ambaye wenyeji, kwa tahajia ya padri huyo, walimwita thinta. Alisema kwamba mtu akimshika samaki huyo akiwa hai hupatwa na maumivu ya mkono mzima, kana kwamba viungo vyote vimeteguka, naye humwachia mara moja; lakini akishakufa huwa samaki kama samaki wengine, na nyama yake huliwa. Aliongeza kwamba ngozi yake ilitumiwa katika uganga, na kwamba ilisifiwa kuwa dawa ya msokoto wa tumbo.

Kwa maelezo hayo, yamkini samaki huyo alikuwa kambare wa umeme, anayeishi katika maji baridi ya Zambezi ya chini na mito jirani. Wakazi wa visiwani na ufukweni nao wana samaki wao wa jamaa ya namna hiyo, ingawa si wa ukoo mmoja: ni taa wa umeme, anayepatikana katika bahari ya Hindi ya magharibi, Msumbiji ikiwamo. Taa huyu ni mviringo, mwili wake ni laini, na hupenda kujizika mchangani. Akikanyagwa, mguu hufa ganzi.

Yafaa tuangalie kwamba katika habari ya dos Santos limo jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walikuja kulithibitisha baada ya miaka karibu 200: nguvu ile imo katika uhai wa samaki. Haimo nyamani wala ngozini. Ikiondoka roho, imeondoka nayo. Wavuvi walilijua hilo kwa mikono yao. Na hawakuwa wa kwanza. Katika kaburi la Ti huko Saqqara, Misri, kambare wa umeme amechongwa ukutani zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Waarabu wa Misri walimwita raad, na tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyezuru nchi hiyo karibu na mwaka 1200, aliandika kwamba hashikiki akiwa hai. Katika Kiarabu, shina la jina hilo lina maana mbili zinazokaa pamoja: kutetemeka na kunguruma. Ni shina hilo hilo lililotupa sisi neno radi. Hatusemi kwamba Waarabu wa zamani walijua kuwa samaki yule na radi ya mbinguni ni nguvu moja. Kusema hivyo ni kuwatilia watu maneno vinywani. Lakini lugha iliviweka vitu hivyo viwili jirani kabla sayansi haijavioanisha. Kiswahili nacho baadaye kilifanya jambo la namna hiyo, pale neno umeme, lililokuwa la kimulimuli cha mawinguni, lilipopewa kazi ya kutaja nguvu inayopita katika waya.

Kutoka kwa samaki hadi betri

Tabibu wa Kirumi Scribonius Largus, katika karne ya kwanza, aliagiza taa wa umeme aliye hai awekwe kichwani mwa mgonjwa wa kichwa, au chini ya mguu wa mwenye jongo, mpaka ganzi ipande. Hiyo ndiyo tiba ya umeme ya kale kabisa tunayoisoma vitabuni. Lakini sababu ya ganzi haikujulikana hata mwaka 1772, Mwingereza John Walsh alipofanya majaribio yake huko La Rochelle, Ufaransa. Aliwasimamisha watu katika duara, kila mmoja akiungana na mwenziwe, na mtikiso wa taa ukawapitia wote kwa pamoja, kama ule wa mitambo ya umeme ya siku hizo.

Baada yake alikuja Luigi Galvani wa Bologna, aliyechapisha mwaka 1791 habari za miguu ya chura iliyorukaruka ilipoguswa kwa madini. Galvani alishikilia kwamba mwili wa mnyama una umeme wake wenyewe. Mwaka 1795 alisafiri katika pwani ya Adriatiki kuwachunguza taa, akaona kwamba akiuondoa moyo wa samaki mtikiso huendelea kwa muda, bali akiuondoa ubongo mtikiso hukoma. Mpinzani wake Alessandro Volta hakukubaliana naye. Alitengeneza mwaka 1800 mnara wa visahani vya madini vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ndiyo betri ya kwanza. Ajabu ni kwamba Volta mwenyewe aliulinganisha mnara wake na kiungo cha umeme cha taa, ambacho nacho kimeundwa kwa vijisahani vilivyorundikwa safu kwa safu. Basi betri inayowasha kurunzi ya mvuvi usiku ilifananishwa na samaki tangu siku ya kuzaliwa kwake.

Hatua iliyofuata ndiyo hasa inayotuhusu. Katika miaka ya 1830 Carlo Matteucci, Mwitaliano, aliufunua ubongo wa taa akaigusa sehemu yake moja, ambayo leo huitwa tundu la umeme. Kila alipoichochea sehemu hiyo, samaki alitoa mtikiso wake. Hapa kwa mara ya kwanza duara lilikamilika: mkondo kutoka nje uliingia ubongoni, na ubongo ukajibu kwa mkondo wa mwili. Hata hivyo mtikiso uliotoka haukuwa wa Matteucci. Ulikuwa wa samaki. Mtaalamu alichochea, kuni na moto vilikuwa vya taa mwenyewe.

Kiungo kinachotii

Hata baada ya Matteucci, wengi waliamini kwamba gamba la nje la ubongo wa wanyama wakubwa halichocheki. Imani hiyo ilivunjwa Berlin mwaka 1870 na matabibu wawili, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig. Waliugusa kwa mkondo hafifu ubongo wa mbwa, upande wa mbele, na mguu wa upande wa pili wa mwili ukasogea. Wakihamisha ncha ya waya kidogo, kiungo kingine kilisogea. Mwingereza David Ferrier aliendeleza kazi hiyo tangu mwaka 1873 kwa wanyama wengi, wakiwamo nyani, akachora ramani ya ubongo kama baharia achoravyo ramani ya pwani: hapa mkono, hapa uso, hapa macho.

Majaribio hayo yalifanywa juu ya wanyama waliofungwa na kupasuliwa, na maumivu yaliyopatikana humo yaliwafanya watu wengi wa Uingereza kupinga. Ferrier alishtakiwa mwaka 1881 kwa kuwafanyia nyani majaribio bila kibali, na shtaka likaanguka. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa elimu hii haikupatikana bure, na aliyeilipia ni mnyama asiye na kinywa cha kudai.

Kulala, kuamka, na kughadhibika

Kusogeza mguu ni jambo moja. Kubadili hali nzima ya mnyama ni jambo jingine. Walter Rudolf Hess wa Zürich, katika miaka ya 1920 na 1930, aliingiza nyaya nyembamba mno ndani kabisa ya ubongo wa paka, chini ya gamba, kisha akawaacha waamke na kutembea huru. Ndipo alipopitisha umeme. Mkondo wa polepole mahali fulani ulimfanya paka atafute pa kujikunja, akalala usingizi. Mahali pengine, palepale jirani, mkondo ulimsimamisha manyoya, akatoa kucha, akapuliza, akamrukia aliyekuwa karibu kana kwamba amekabiliwa na mbwa. Hess alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Aliyegawana naye tuzo hiyo alikuwa Mreno, António Egas Moniz, aliyeanzisha mjini Lisbon mwaka 1935 upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo wa wagonjwa wa akili, upasuaji ambao baadaye ulikuja kuachwa kwa madhara yake. Tuzo moja iliwapa heshima aliyechochea na aliyekata.

Mwaka huo huo wa 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun, wakifanya kazi Chicago, walichapisha jaribio lililobadili maarifa yetu juu ya usingizi. Paka alilewesha kidogo kwa dawa, na mawimbi ya umeme wa ubongo wake yalikuwa makubwa na ya polepole, kama ya aliyelala. Walipolichochea shina la ubongo, katika wavu wa neva ulioko humo, mawimbi yakageuka mara kuwa madogo na ya haraka, kama ya mnyama aliye macho. Ilibainika kwamba kuwa macho ni kazi: liko shina linaloushikilia ubongo usizame.

Hapa lugha yetu ina utajiri ambao walimu tusiuache upotee. Mtu aliyelala huamshwa. Aliyezimia au kulewa huzinduliwa. Aliyetulia huku hana habari hushtuliwa, na aliyelala akaamka kwa hofu husemwa amegutuka. Paka wa Moruzzi na Magoun alizinduliwa. Paka wa Hess, yule wa kucha, alighadhibishwa. Tukitumia neno moja kwa yote hayo, twawanyima wanafunzi wetu tofauti ambazo sayansi ilihitaji miaka mingi kuzigundua.

Fahali wa Córdoba

Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner, huko Montreal, Kanada, waligundua mahali katika ubongo wa panya ambapo mkondo ulimpendeza mnyama. Panya alipopewa kidude cha kubonyeza ili ajipatie mkondo huo, alibonyeza mamia ya mara kwa saa, na katika majaribio ya baadaye maelfu. Hakusukumwa na mtu. Aliutaka mwenyewe.

Karibu miaka kumi baadaye ilikuja habari iliyopewa kelele kuliko zote. Mhispania José Manuel Rodríguez Delgado, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliingia mwaka 1963 katika uwanja wa fahali karibu na Córdoba. Msomaji wa pwani hii atasita kidogo kwa jina hilo. Lakini halina uhusiano na mkoa ila wa neno tu, kwani delgado kwa Kireno na kwa Kihispania ni -embamba, na mabaharia Wareno waliliita hivyo rasi lililoupa mkoa jina. Fahali alikuwa na nyaya ubongoni na kipokezi cha redio. Alipomkimbilia, Delgado alibonyeza kitufe, na fahali akasimama hatua chache mbele yake, akageuka upande. Magazeti yakaandika kwamba hasira ya mnyama imezimwa kama taa. Delgado mwenyewe alitoa kitabu mwaka 1969 akitetea matumaini ya jamii ya binadamu itakayostaarabika kwa elimu ya ubongo na mbinu za namna hiyo.

Lakini mwaka 1973 mtaalamu Elliot Valenstein aliupinga utafsiri huo. Alionyesha kwamba mkondo ulipelekwa mahali panapohusika na mwendo, na kwamba fahali aligeuzwa na kuchanganyikiwa katika hatua zake. Haikuthibitishwa kwamba ghadhabu yake imetulizwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Anayemfunga punda kamba mguuni amemsimamisha. Hajamfanya awe mpole.

Panya wawili

Tuje sasa kwa panya wawili ambao habari zao zikiwekwa pamoja hutoa funzo. Wa kwanza ni wa New York. Mwaka 2002 Sanjiv Talwar, John Chapin na wenzao walichapisha habari za panya watano waliotiwa nyaya ubongoni na mzigo mdogo mgongoni, wakaongozwa kutoka umbali wa hadi mita 500. Mkondo mmoja ulimfanya panya ahisi kana kwamba sharubu za kushoto zimeguswa. Mwingine, za kulia. Akigeuka inavyotakiwa, hupewa mkondo wa tatu, ule wa raha. Walipanda ngazi, wakapita penye mwanga ambapo kwa kawaida panya hukwepa. Watafiti walitaraji kwamba panya hao watasaidia kutafuta watu chini ya vifusi, na mabomu yaliyofukiwa ardhini.

Wa pili ni panya buku wa Morogoro. Shirika la APOPO, lililotokana na wazo la Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya wake hawana waya. Hufundishwa kwa muda wa miezi tisa hivi: akinusa harufu ya baruti na kukwaruza ardhi, husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi. Ni mwepesi mno kulipua bomu. Panya hawa walitumika Msumbiji, hasa kusini, mkoani Gaza, kuondoa mabaki ya vita. Vita hivyo Cabo Delgado inavijua vyema: risasi za kwanza za FRELIMO zililia Chai tarehe 25 Septemba 1964, Wareno wakatega mabomu kandokando ya mpaka wa Ruvuma, na baada ya uhuru nchi ikaingia katika vita vingine mpaka mkataba wa Roma wa mwaka 1992. Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa maeneo ya mabomu ya ardhini yaliyojulikana.

Mtu aweza kusema kwamba panya wa New York ni mtumwa na wa Morogoro ni mwanafunzi. Sisi twaona jambo ni la ndani zaidi. Hata yule wa New York hakusukumwa miguu. Mkondo wa sharubu ulikuwa ishara tu, na ilimbidi panya ajifunze maana yake. Mkondo wa raha ulikuwa ndizi isiyoonekana. Basi wenye waya nao, walipotaka kazi ya maana kutoka kwa mnyama, walilazimika kumfundisha. Umeme wa Fritsch na Hitzig ulitikisa mguu. Haukuupa pa kwenda. Kazi yenye shabaha ilipatikana pale tu mnyama alipojua, akataka, akaenda.

Hitimisho

Yapo manufaa ambayo hatuna haki kuyaficha. Tangu mwaka 1987, kwa kazi ya Alim-Louis Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, nyaya zimewekwa ndani ya ubongo wa watu wenye ugonjwa wa kutetemeka, kisha wa Parkinson, na wengi wamepata nafuu. Nguvu ambayo padri wa karne ya 16 aliijua kwa kutetemesha mikono, leo hutuliza mikono inayotetemeka.

Kwa walimu wenzetu tungependa kupendekeza mambo mawili. La kwanza ni la istilahi. Tusiandike kwamba umeme huamuru ubongo, au huutawala. Tuandike kwamba huuchochea. Neno hilo la jikoni lina ukweli kuliko magazeti ya mwaka 1963, kwa sababu anayechochea haleti moto, huukuta.

La pili ni la darasani. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilipozuka Mocímboa da Praia, na hasa baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, watoto wengi wa pwani hii wamekimbia makwao na kusomea ugenini. Mtoto aliyegutushwa na milio ya bunduki anao ubongo wenye shina lile lile la kumweka macho, na mahali pale pale pa hofu na kujihami ambapo Hess alipachochea kwa paka wake. Mlango ukigonga kwa nguvu, huruka. Akiitwa ghafla, hujikunyata au hujibu kwa ukali. Huo si utovu wa adabu. Kichocheo kimegusa kuni ambazo bado zina kaa la moto.

Mtoto wa namna hiyo hatafundishika kwa kushtuliwa zaidi, iwe kwa fimbo au kwa kelele. Historia tuliyoieleza inatuonyesha kwamba mshtuko huweza kusogeza kiungo, na huweza kuwasha ghadhabu, lakini elimu huingia kwa kiumbe aliye macho, aliyetulia, na anayetaka. Panya buku wa Morogoro alifundishwa kwa subira na ndizi. Mtoto wa Palma hastahili kupata pungufu ya hayo.